Musituandikie "Utumwa Umekwisha" Hapa Mavivi

Wandugu wa Beni, Butembo, Oicha na popote munaposoma neno hili,

Tarehe 2 Desemba ni siku ambayo Umoja wa Mataifa umeiweka ili dunia ikumbuke kukomeshwa kwa utumwa. Siku hiyo redio inasoma tangazo fupi, halafu muziki unaendelea. Sisi hatukuwa na kazi ya kutukimbiza, basi tukabaki tunazungumza. Tulikuwa saba, mbele ya kibanda cha kuuza unite, kando ya barabara ya Mavivi, pale mapiki yanapongojea watu wanaoshuka ndege. Karibu wote tuko na diploma ya chuo kikuu. Yule aliyesoma historia ndiye mwenye kibanda. Yule wa sheria anawaandikia watu barua za kuomba kazi, na yeye mwenyewe bado hajapata. Yule wa kilimo miaka imepita hawezi kufika shambani kwa baba yake, na sababu munaijua.

Mmoja wetu akasema: "Hapa Mavivi wangejenga mnara wa kukumbuka mwisho wa utumwa. Kila mkubwa anayekuja Beni anashukia hapa. Angeuona kabla ya kuingia ndani ya jeep."

Mwingine akamjibu: "Mwisho gani?"

Tukanyamaza kidogo, kisha tukabishana mpaka giza likakaribia. Na hapa kwetu giza likikaribia, kila mtu anarudi nyumbani. Tunaandika ili yale mabishano yaendelee pamoja na ninyi. Hatukatai mnara. Tunachokataa ni mnara unaotangaza kwamba utumwa umekwisha, unaomshukuru mkombozi, na kuwasahau wale waliofungwa kamba.

Jiwe la Brussels

Shuleni sote tulifundishwa namna moja: Waarabu walikuja kukamata watu, Wabeleji wakaja kuwafukuza Waarabu, utumwa ukaisha. Ukiandika hivyo kwenye mtihani, unapata pointi zote.

Kule Brussels, ndani ya bustani ya Cinquantenaire, hadithi hiyohiyo imechongwa kwenye jiwe. Ni mnara mkubwa uliozinduliwa mwaka 1921, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte. Upande mmoja yuko askari wa Kibeleji akipambana na Mwarabu mwenye biashara ya watumwa, na maandishi yanasifu ushujaa wa jeshi la Ubeleji lililomwangamiza. Kuna pia neno la mfalme Leopold II mwenyewe, kwamba kazi ya Kongo aliifanya kwa ajili ya ustaarabu na kwa faida ya Ubeleji. Angalau hapo kwenye faida hakudanganya.

Vita ile ilikuwako kweli. Kati ya 1892 na 1894 jeshi la Leopold lilipigana na wafanyabiashara wa pembe na watumwa kule Maniema, na likawashinda. Ukatili wa wafanyabiashara hao nao ulikuwako kweli, na hatuko hapa kuwasafisha. Mwaka 1887 Stanley alipopita msitu wa Ituri alikuta vijiji vilivyochomwa na watu wa Ugarrowa na wa Kilonga-Longa. Mwaka 1889 msafara wake ukapita bonde la Semliki, hapa karibu na kwetu. Watu wa misitu hii walijua mlio wa bunduki na uzito wa kamba kabla ya kumwona afisa wa Kibeleji.

Lakini lile jiwe linaficha mambo matatu.

La kwanza: mwaka 1887 Tippu Tip, mkubwa wa wafanyabiashara wote, alikubali kuwa gavana wa Leopold pale Stanley Falls, Kisangani ya leo, tena kwa mshahara. Biashara ilipowafaa wote wawili, walikaa meza moja.

La pili: mwaka 1890 mkutano wa mataifa juu ya utumwa, uliofanyika palepale Brussels, ulimpa Leopold ruhusa ya kutoza ushuru kwa bidhaa zinazoingia Kongo, eti apate pesa za kupigana na utumwa. Kumbe hata wakati ule kuwahurumia watumwa kulikuwa njia ya kutafuta pesa.

La tatu ndilo kubwa. Wale "waliokombolewa" hawakurudishwa wote kwao. Watoto wengi walipelekwa kwenye makambi na misheni, na wengi wakafanywa askari wa Force Publique. Halafu ikaja kauchu. Wanawake walifungwa kama mateka mpaka waume zao walete kilo zilizodaiwa. Mikono ikakatwa. Mwaka 1908 Leopold akaachia Kongo kwa serikali ya Ubeleji, na kazi ya nguvu ikabadilisha jina tu. Tangu 1917 yakaja mashamba ya lazima, siku 60 kwa mwaka. Huko Ituri, migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto ilijazwa watu waliotolewa na mashefu kwa amri. Mwaka 1921, wakubwa walipokuwa wanapiga makofi mbele ya jiwe jipya kule Brussels, babu zetu huku walikuwa bado wanapigwa fimbo.

Ndiyo maana tunaliogopa neno "mwisho". Mara nyingi anayetangaza mwisho wa utumwa wa mwenzake ndiye anayetayarisha wa kwake.

Shimo la Zanzibar

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo inatufundisha vizuri zaidi. Iko Zanzibar, mtaa wa Mkunazini, fasi lilipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza, na mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa palepale.

Hata hapo, tuangalie tarehe vizuri. Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho. Zanzibar sheria iliendelea kumtambua mtumwa kama mtumwa mpaka 1897. Tanganyika ni mpaka 1922. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka ule wa kufungwa kwa soko alifikisha miaka 24, umri wetu sisi, akiwa bado mali ya mtu mbele ya sheria. Kama siku ya kufungwa soko mtu angeandika kwenye jiwe "utumwa umekwisha", yule mtoto angelisomaje?

Kando ya kanisa hilo, mwaka 1998, mchongaji mmoja kutoka Sweden, Clara Sörnäs, alijenga kumbukumbu. Haikupandishwa juu kama minara mingine. Ni shimo. Ndani yake wamesimama watu watano, wamefungwa minyororo shingoni. Hakuna mfalme, hakuna askari mkombozi. Sisi hatujafika Zanzibar, nauli tungeitoa wapi? Tumeiona picha kwenye simu tu. Lakini jambo moja tumelielewa: ukitaka kuwatazama wale watu, lazima uinamishe kichwa. Kule Brussels unainua kichwa kumtazama mwenye kushinda.

Na tusijifanye kwamba Zanzibar ni mbali. Watu wa Maniema walifika mpaka pwani wakiwa wamebebeshwa pembe za ndovu. Hata Kiswahili hiki tunachoandika kilifika Kongo pamoja na misafara hiyo, na wageni wakakiita Kingwana, kwa jina la Waungwana, watu wa misafara. Na wengi kati ya wale waliokuwa wanashika bunduki hawakuwa Waarabu. Walikuwa vijana wa Maniema, wengine walikamatwa wakiwa wadogo, wakakulia mikononi mwa mabwana, kisha wakatumwa kwenda kukamata wengine.

Jambo hilo tulilisoma kama historia. Hapa Mavivi tunalijua pia kwa njia nyingine.

Anayebebwa ndiye anayebeba

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa. Tumehesabu maiti mpaka tumechoka kuhesabu. Lakini pamoja na waliokufa kuna wengine ambao dunia inawataja kwa nusu mstari tu mwishoni mwa habari: "na watu kadhaa walitekwa nyara."

Kwa lugha yetu tunasema "alibebwa". Yule kijana alibebwa Mbau. Yule mama alibebwa shambani kwake kwenye kakao. Lakini ukiwasikiliza waliofanikiwa kutoroka, unaelewa kwamba huko porini wao ndio wanaobeba. Wanabeba mchele ulioporwa dukani, wanabeba dawa zilizoporwa kwenye kituo cha afya, wanabeba majeruhi. Anayechoka anauawa njiani. Wanalima, wanapika, wanachota maji. Wasichana wanapewa wanaume kwa nguvu na kuitwa wake. Watoto wanafundishwa silaha na kurudishwa kuchoma vijiji kama vile walimozaliwa.

Kuna wanaotuambia: musitumie neno utumwa, hiyo ni vita, hao ni mateka. Sisi tunawauliza: mtu aliyefungwa kamba, anabeba mzigo wa mwingine bila malipo, hawezi kuondoka, akikataa anauawa, na mwili wake unagawiwa kama kitu, jina lake ni nani? Kama mambo hayo yalikuwa utumwa wakati wa Kilonga-Longa, ni kitu gani kimebadilika mpaka leo yapewe jina dogo zaidi?

Na tusiwasahau ndugu zetu katika vijiji vya Kivu ya Kaskazini ambako vikundi vya silaha vinalipisha kila mtu mzima jeton ya mwezi. Ukikosa jeton, unapigwa, au unapelekwa salongo ya kuwajengea vibanda na kuwatafutia kuni. Mtu ananunua ruhusa ya kulala kwake. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 16, inasema hakuna mtu atakayewekwa utumwani wala katika hali inayofanana na utumwa, na hakuna atakayelazimishwa kazi ya nguvu. Yule mwenzetu wa sheria anakijua kifungu hicho kwa moyo. Anasema hakijafika hapa, labda kinangojea barabara ya Mbau ifunguliwe.

Hapa jirani yuko mama mmoja ambaye mtoto wake alibebwa. Hatutataja jina lake. Kila mara inapotangazwa kwamba mateka wamekombolewa, anapanda piki mpaka Oicha, au mpaka Beni mjini, kutazama kama mtoto wake yumo. Nauli anaikopa. Amekwenda mara nyingi, na kila mara amerudi peke yake. Hajafanya matanga, kwa sababu hana maiti. Hafanyi sikukuu, kwa sababu hana mtoto. Sasa huyu mama tumsimamishe mbele ya mnara wenye neno "mwisho", tumwombe apige makofi?

Jiwe lisimtafute wa kuchukiwa

Kuna kosa jingine la lile jiwe la Brussels ambalo tunalikataa hapa. Liliandika kosa lote kwa jina la watu wa aina moja: Mwarabu. Baadaye neno hilo lenyewe lilizua ugomvi kule, likafutwa, kwa kuwa msikiti mkubwa wa Brussels uko ndani ya bustani ileile. Kulifuta neno hakukusaidia sana, maana hadithi iliyobaki ni ileile: wabaya wana dini yao, na wazuri wana bendera yao.

Sisi tunajua hadithi ya namna hiyo inakwisha vipi. Kwa sababu wachinjaji wanajiita Waislamu, kuna watu wanawatazama jirani zetu Waislamu kama vile wote ni wamoja nao. Lakini Mei 2021, tarehe 1, shehe aliyekuwa anasema wazi dhidi ya wachinjaji alipigwa risasi msikitini Beni, wakati wa sala ya jioni. Mwezi huohuo shehe mwingine akauawa hapahapa Mavivi. Damu yao imemwagika pamoja na yetu. Na kati ya wanaowauzia wachinjaji chakula na habari, wamo watoto wa kwetu wanaosali makanisa yetu. Tamaa haina kabila.

Kwa hiyo, kama siku moja jiwe litasimama hapa, lisiandikwe jina la kabila wala la dini kwa upande wa wakosaji. Wakosaji wapelekwe mbele ya mahakama kwa majina yao, mtu mmoja mmoja. Jiwe liwe la waliobebwa.

"Mnara haushibishi"

Wazee wetu wametuambia: "Wanangu, mnara haushibishi. Muko na njaa, munaomba mawe?" Wazee, tumewasikia, na shikamoo. Ni kweli tuko bila kazi. Ni kweli pesa za mnara mara nyingi zinaliwa kabla saruji haijafika, na kinachobaki ni kibao chenye jina la aliyezindua. Tumeona mawe ya msingi yaliyowekwa kwa sherehe, leo mbuzi wanalala juu yake.

Ndiyo maana hatuanzi na jiwe. Tunaanza na daftari.

Daftari halihitaji mhandisi wala mkutano wa hoteli. Linahitaji kalamu, watu wa kwenda nyumba kwa nyumba, na mahali salama pa kulitunza. Leo majina ya waliobebwa yametawanyika: mengine yako kwa shefu wa kijiji, mengine parokiani, mengine msikitini, mengine kwa mashirika ya raia, na mengine ndani ya kichwa cha mama tu. Mama akifa, jina nalo linakufa. Wafanyabiashara ya watumwa walihesabu pembe vizuri kuliko walivyohesabu watu. Leo hii hata waliopita kwetu hatuwezi kuwataja kwa majina. Sisi tusirudie kosa hilo kwa watu ambao tulikaa nao dawati moja.

Na kazi hiyo tunaiweza sisi. Tuko na diploma zinazopigwa vumbi. Tunajua kuandika, tunajua kuuliza kwa heshima, tunajua lugha za hapa. Hakuna anayetulipa leo, basi hakuna atakayetufukuza.

Kwa hiyo tunasema na tunadai hivi:

1. Kila kijiji na kila mtaa, kuanzia Mavivi, uanze daftari la waliobebwa: jina, umri, tarehe, fasi alipochukuliwa. Familia ikubali kwanza. Jina la asiyetaka lisiandikwe. Na daftari lisitundikwe intaneti, kwa sababu kuna wanaoweza kulitumia vibaya.

2. Serikali ya jimbo na wakuu wa jeshi, wanapotangaza kwamba mateka wamekombolewa, wazijulishe familia upesi kwa njia iliyo wazi, ili mama asikope nauli kwa kubahatisha.

3. Anayerudi kutoka porini apokelewe kama mtu aliyetoka utumwani. Apate daktari, apate mtu wa kumsikiliza, arudi masomo. Hapa tunajisemea sisi wenyewe pia, vijana: tuache kuwaita waliorudi "watu wa porini" na kuwakimbia kwenye foleni ya maji. Mtoto aliyezaliwa huko hakuchagua baba yake.

4. Vikundi vyote vinavyolipisha jeton na kulazimisha salongo viitwe kwa jina la kazi yao, hata vile vinavyosema vinatulinda.

5. Mnara uje baada ya hayo. Usiwe na jina la mkubwa yeyote, wala la shirika lililotoa saruji. Uwe chini, fasi ambapo mtu anaweza kukaa. Uwe na majina, na nafasi tupu ya majina mengine. Na tarehe ya mwisho isiandikwe kwanza. Itaandikwa siku ambayo wa mwisho aliyebaki hai atakuwa amerudi, na wale wasiorudi wamefanyiwa matanga.

Wandugu, Jumamosi hii saa tatu asubuhi tutakuwa palepale mbele ya kibanda cha unite, na daftari moja la kurasa 96. Limenunuliwa kwa michango, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Yule mama jirani amekubali jina la mtoto wake liwe la kwanza. Aliye na kalamu alete. Aliye na jina, aje nalo.

Ni sisi, vijana wa Mavivi.